Nilimpa Shemeji Punda, Sasa Ana Kidonda: Je, Nimdai?

SWALI

Ndugu Mshauri,

Pokea salamu kutoka huku wilayani Magu, ukingoni mwa ziwa. Mimi ni muuguzi mstaafu, na pamoja na mume wangu tunaishi kwenye shamba la ekari mbili na nusu lenye mihogo, migomba michache, banda la kuku wa mayai na, kwa miaka ya karibuni, punda. Sikupanga kufuga punda. Wa kwanza alikuwa ameachwa kando ya barabara ya kwenda Musoma akiwa na mguu uliovimba, na mwenyewe alisema hana haja naye tena. Nikamwomba, nikampeleka nyumbani, nikamuuguza kwa uangalifu ule ule niliouzoea wodini, akapona. Habari zikasambaa, na tangu hapo watu wameendelea kuniletea punda waliochakaa kwa kazi ya kubeba maji, kuni na mchanga.

Ninachofanya ni kuwapokea, kuwatibu na kuwalisha hadi wapate nguvu, kisha kuwatafutia watu wa kuwachukua, kwa kuwa shamba letu ni dogo na mume wangu, ambaye ni mvumilivu, hukumbusha mara kwa mara kwamba pensheni mbili hazitoshi kulisha zizi. Ninawatoa bure. Kwa sasa ninao watano.

Kati ya walioletwa mwaka huu walikuwamo majike wawili waliokuwa wakivuta mkokoteni mmoja wa mzee mchota maji aliyefariki. Niliwaita Kulwa na Doto kwa sababu walikuwa hawaachani. Mmoja akienda kunywa maji, mwingine yuko nyuma yake. Majuma machache yaliyopita shemeji yangu, mdogo wa mume wangu anayeishi Usagara upande wa Misungwi, aliomba mmoja wa kumsaidia kubeba maji ya nyumbani, nami nikampa Doto. Hatukuandikiana chochote, kwa maana mtu haandikiani mkataba na shemeji yake.

Tulipokwenda huko kwenye msiba nilimkuta Doto amefungwa kwenye mkokoteni wa mchanga unaopelekwa kwa watu wanaojenga. Shingoni alikuwa amebebeshwa nira ya mti, ile ya ng'ombe, iliyokazwa kwa kamba ya nailoni, na juu ya mabega palikuwa na kidonda kilicho wazi chenye upana wa kiganja, kimejaa nzi. Nilipomvuta shemeji pembeni na kumweleza, alinijibu kwa upole lakini bila kuyumba: "Shemeji, mimi nilipewa, sikuazimwa." Mume wangu anasema nisilete ugomvi wa ukoo kwa ajili ya punda. Mimi usingizi umenipotea.

Hapa nyumbani Kulwa naye amekuwa akisimama kwenye kona ya ua upande ule Doto alikopitia alipoondoka. Alikuwa amenenepa vizuri hata shingo ikajaa, na nilijivunia, lakini wiki hii anakula kidogo sana na mavi yake ni makavu. Nadhani ni huzuni itakayopita.

Yako pia mambo madogo. Watu wengine hunifungia punda getini usiku na kuondoka bila kusema. Jirani yangu mwenye ng'ombe amenishauri niwapitishe punda wote kwenye josho lake kwa ajili ya kupe. Yuko mtu wa pikipiki ambaye amepita hapa akitaka kununua punda wazee kwa bei nzuri kuliko nilivyotarajia. Na mwanangu anayefanya kazi Arusha ameambiwa na mwajiri wake kwamba kuna farasi mzee anayetafutiwa makao, naye anaona ninafaa kumpokea.

Ninaomba ushauri: nimdai shemeji Doto hata kwa kwenda kwa mtendaji? Na je, niache kabisa kugawa punda, ikiwa hivi ndivyo wanavyotendwa?

Mama Punda, kama majirani wanavyoniita,
Magu

JIBU

Shikamoo Mama. Umeuliza kuhusu shemeji, lakini nitaanza na Kulwa, uliyemtaja kwa sentensi chache tu, kwa sababu shauri la shemeji linaweza kusubiri siku kadhaa na la Kulwa halisubiri kesho.

Punda aliyeacha kula si sawa na ng'ombe au mbuzi aliyepungukiwa na hamu ya chakula. Mwili wake ukikosa chakula huanza kuyeyusha mafuta uliyoyaweka akiba na kuyaingiza kwenye damu, na kwa punda kazi hiyo ikishaanza ni vigumu sana kuisimamisha: mafuta huzidi katika damu, ini na figo hulemewa, na mnyama anaweza kufa ndani ya siku chache. Walio katika hatari kubwa ni majike, hasa wenye mimba au wanaonyonyesha, pamoja na wale walionenepa, kwa kuwa ndio wenye akiba kubwa ya kuyeyusha. Shingo ile iliyojaa, uliyoifurahia kama dalili ya afya, ndiyo inayonitia wasiwasi. Na kinachowasha moto huu mara nyingi ni mfadhaiko: safari, kubadilishwa makao, ugonjwa mwingine, au kutenganishwa na mwenzake. Punda huchagua mwenzi, na wale wengine ulio nao zizini hawawi badala ya huyo mmoja aliyevuta naye mkokoteni kwa miaka.

Mwite daktari wa mifugo leo, na umweleze kwa maneno haya haya: jike mnene, ametenganishwa na mwenzake, hali chakula vizuri, mavi makavu. Ukiona mavi yamefunikwa na utelezi mweupe, au masikio yamelegea na hajali anayepita, usingoje asubuhi. Mwombe achukue damu. Ikiachwa itulie kwenye kichupa, maji ya juu ambayo yanapaswa kuwa angavu huonekana meupe kama tui ikiwa mafuta yamezidi, na hilo hata ninyi wawili mtaliona kwa macho kabla ya majibu ya maabara. Mwombe pia atazame meno, maana jino lililochongoka likikwaruza shavu humfanya punda aache kula akiwa na njaa, na apime mimba, kwa sababu punda hubeba mimba kwa takriban miezi 12 na wengine hufika 14, hivyo inawezekana kabisa alikuja kwako akiwa nayo.

Wakati unamsubiri daktari, mpe chochote anachokubali: majani mabichi yaliyokatwa sasa hivi, matembele, maganda ya ndizi, karoti, mkononi mwako ikibidi, kidogo kidogo na mara nyingi. Mtembeze taratibu. Usimnyweshe uji kwa chupa kwa nguvu, kwa kuwa ukipita njia ya hewa utamletea ugonjwa wa mapafu juu ya ule alio nao. Kama kuna haja ya kumlisha kwa mpira, hiyo ni kazi ya daktari. Wewe ni muuguzi, unajua tofauti ya mgonjwa anayelalamika na mgonjwa aliyenyamaza. Punda karibu wote ni wa aina ya pili.

Sasa tuje Usagara. Kwa mtazamo wangu shemeji yako amesema kweli, na utapoteza muda ukibishana naye juu ya hilo. Ulimpa, hukuweka sharti, hakuna shahidi wa sharti, na kama ukimshitaki kwa kudai mali utashindwa mbele ya mtendaji na mbele ya ukoo pia. Ila umiliki si ruhusa ya kumtumikisha mnyama mwenye jeraha. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 humbana kila mwenye mnyama, awe amemnunua, amemrithi au amepewa, na afisa mifugo wa kata ya Usagara anaweza kufika, kumkagua Doto na kuagiza apumzishwe. Ijue njia hiyo, lakini usianze nayo. Ukianza na afisa, shemeji atatii kwa siku chache, kisha atamuuza Doto kwa mtu usiyemjua ili aondokane na aibu, na hapo hutamwona tena.

Ningependa aende mume wako, si wewe, na asiende kudai. Aende kumwomba mdogo wake amlete Doto nyumbani kuuguzwa, kama anavyoletwa ndugu mgonjwa mahali penye muuguzi, huku ikieleweka wazi kwamba punda bado ni wa mdogo mtu. Ombi la namna hiyo ni gumu kulikataa, halimvunjii heshima, na linawakutanisha Kulwa na Doto ndani ya wiki hii, jambo ambalo kwa Kulwa lina thamani kuliko dawa nyingi. Mume wako anaogopa ugomvi wa ukoo. Mkabidhi basi kazi ya kuuzuia. Kwa kuwa safari inavuka kutoka Misungwi kuja Magu, kateni kwanza kibali cha kusafirisha mifugo kwa afisa mifugo wa huko, ili msije mkasimamishwa njiani mkashindwa kueleza mnyama ni wa nani.

Asiende mikono mitupu pia. Abebe matandiko mapya, kwa sababu kiini cha kidonda kile ni nira, na shemeji yako hata akiwa na huruma kiasi gani ataendelea kuwatoboa punda maadamu anawafunga kama ng'ombe. Ng'ombe wetu ana nundu na shingo nene, na husukuma nira kwa sehemu hiyo ya juu. Punda hana nundu. Pale juu ya mabega ana mfupa na ngozi tu, na nguvu yake ya kuvuta iko kifuani. Nira ya mti ikikaa pale huchimba kila gurudumu linapoingia shimoni. Punda anahitaji mkanda wa kifua wenye upana usiopungua vidole vinne, wa turubai au utepe mnene wa pamba, uliopigwa bitana ya kitambaa laini kinachoweza kufuliwa. Upite chini ya koromeo ili usimkabe na juu ya ncha za mabega ili usizuie miguu kukunjuka, na ushikiliwe na mkanda mwingine mwembamba unaopita juu ya shingo. Fundi viatu au fundi maturubai yeyote wa pale Kisesa ataushona ukimchorea. Kataa mpira wa tairi unaogusa ngozi moja kwa moja, kwa kuwa hauvuti jasho, na kataa kamba ya nailoni popote penye msuguano. Na mkokoteni wenyewe upakiwe hivi kwamba uzito ukae juu ya ekseli. Mchanga ukirundikwa mbele, mipini humkandamiza mgongoni, ukirundikwa nyuma humnyanyua kwa tumbo.

Afadhali pia shemeji asikie habari ya uzito. Punda wetu wa kawaida ana kilo 120 hadi 150, na mgongoni hapaswi kubebeshwa zaidi ya theluthi ya uzito wake, yaani madumu mawili ya lita 20 yaliyowekwa vizuri kwenye shogi, moja kila upande, na hapo tayari amefika mwisho. Mkokoteni wenye magurudumu mazuri unamruhusu kuvuta zaidi ya hapo kwenye barabara tambarare, lakini mchanga uliolowa ni mzito sana na barabara za kwenda kwenye viwanja vipya huko Usagara si tambarare. Mwambieni kwa lugha ya faida: punda mwenye kidonda husimama njiani, hupigwa, huchukua safari chache, na mwishowe hufa akiwa na miaka kumi wakati angeweza kufanya kazi hadi ishirini. Nimeona wachunga punda wengi wakipuuza neno "huruma" na kuinua kichwa wanaposikia hesabu.

Doto akifika, kidonda kioshwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi, asubuhi na jioni, na asifungwe chochote hadi ngozi iwe imefunga kabisa na manyoya yameanza kuota. Hilo huchukua wiki kadhaa na halina njia ya mkato. Mafuta machafu ya gari, majivu, maji ya betri na dawa za kienyeji zinazounguza hukausha uso wa kidonda huku usaha ukiendelea kuchimba ndani. Achanjwe pepopunda, kwa kuwa jamii ya farasi na punda ndiyo inayoshambuliwa upesi zaidi na ugonjwa huo kuliko mifugo mingine yote, na kidonda kinachoburutwa vumbini ni mlango ulio wazi. Wakati huo huo chanja na wengine, pamoja na chanjo ya kichaa cha mbwa.

Umeuliza kama uache kugawa punda. Hapana, usiache, kwa sababu ukiacha utajaza zizi katika msimu mmoja na hutaweza kumpokea hata mmoja zaidi. Punda mmoja hula kilo 2 hadi 3 za chakula kikavu kwa siku. Kwa miezi minne ya kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, hiyo ni kilo 240 hadi karibu 370 kwa kila mmoja, na watano wako wanaweza kukaribia tani mbili. Ekari mbili na nusu zenye mihogo na migomba haziwezi kuotesha nyasi hizo. Nunua majani ya mpunga mara tu baada ya mavuno, yangali bei ya chini, uyahifadhi juu ya chanja mahali pasipovuja, na idadi unayoweza kuilisha kwa rundo hilo ndiyo idadi ya punda unaoruhusiwa kuwa nao ifikapo Juni. Wanaozidi watoke.

Unachopaswa kuacha ni kutoa zawadi. Katika nchi ya Wasukuma watu wamekabidhiana ng'ombe tangu zamani bila kupeana: mwenye mifugo mingi huweka baadhi kwa jamaa au rafiki aliye mbali, yule mtunzaji hunywa maziwa na kutumia samadi na kulimia, na ng'ombe hubaki mali ya mwenyewe, anayeweza kuja kumtazama na kumchukua akiona anaharibika. Hakuna anayeona utaratibu huo ni dharau, wala hauhitaji kuelezwa kwa mtu yeyote kuanzia Magu hadi Meatu. Ningekuwa wewe ningetoa punda wote kwa mtindo huo. Mchukuaji apate kazi ya punda, samadi na heshima ya kuaminiwa; umiliki ubaki kwako. Ungemkabidhi Doto hivyo, lile neno la "nilipewa, sikuazimwa" lisingepata pa kusimama, na shemeji asingekuwa na sababu ya kulisema.

Andika, hata kama ni nusu ukurasa wa daftari, na mweke mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji awe shahidi kwa sahihi. Iandikwe punda ni yupi, kwa rangi na alama zake na umri. Atafanya kazi gani na hatafanya ipi. Siku ngapi kwa wiki atapumzika. Kwamba hatafungwa nira ya ng'ombe. Kwamba kwato zitakatwa kila baada ya wiki sita hadi kumi, na nani atalipa. Kwamba hatauzwa, hatachinjwa wala kukabidhiwa mtu wa tatu. Na kwamba akishindikana atarudi kwako, si kwa mwingine. Jambo ambalo wengi husahau ni mtoto. Jike akizaa kwa mtunzaji, mtoto ni wa nani? Amua mapema, maana ugomvi wa mali iliyozaliwa ni mkali kuliko ugomvi wa mali iliyotolewa. Mimi ningependekeza mtoto wa kwanza awe wa mtunzaji, kwa sharti kwamba hatabebeshwa mzigo kabla ya kufika miaka mitatu hadi minne, kwa sababu mtu anayetazamia kitu chake huangalia mama vizuri zaidi.

Nenda ukawatazame baada ya mwezi wa kwanza, bila kutoa taarifa ndefu, ukiwa na sababu nyingine ya kupita. Pitisha mkono juu ya mabega, chini ya mkanda wa tumbo na nyuma ya masikio, inua kwato nne, kisha kunywa chai. Na punda waliozoeana watoke wawili wawili au wasitoke. Mtu mwenye nafasi ya mmoja tu mpe yule aliyekuja peke yake na ambaye hajajishikiza kwa mwingine, na ahakikishe kuna punda mwingine au angalau mbuzi wa kukaa naye. Baada ya Doto kupona, shemeji apewe wote wawili, Kulwa na Doto, kwa makubaliano hayo mapya. Akikataa maandishi, arudishiwe Doto wake, na hapo ndipo afisa mifugo aanze kuwa sehemu ya mazungumzo. Mimi sitarajii akatae. Punda wawili wanavuta mzigo ule ule kwa taabu ndogo, na ndivyo wale walivyofundishwa tangu mwanzo.

Kuhusu wanaofungwa getini usiku, uwe mkali. Punda asiyejulikana mwenyewe anaweza kuwa ameibwa, na ukimkuta na kukaa naye kimya, siku mwenye mali akitokea wewe ndiye utakayeitwa mwizi. Asubuhi ile ile mpelekee habari mtendaji, aandike, na umpige picha ukionyesha chapa kama anayo. Mgeni akae mbali na wengine kwa wiki mbili hadi tatu. Akiwa amekonda hadi mbavu zinahesabika, huruma isikufanye umwagie ndoo ya pumba au mashudu: mwili uliozoea njaa ukipata wanga mwingi kwa ghafla huvurugika chumvi zake na moyo unaweza kusimama. Nyasi kavu kidogo kidogo mara sita au zaidi kwa siku, maji safi na chumvi ya kulamba, na kiasi kiongezwe taratibu kwa siku kumi au zaidi. Mchawi wa punda waliookolewa mara nyingi ni debe la pumba.

Josho la jirani yako sikushauri hata kidogo mpaka usome chupa. Dawa nyingi za kuogeshea ng'ombe huku kwetu zina amitrazi, ambayo kwa ng'ombe haina shida, lakini kwa punda na farasi husimamisha utumbo, chakula kikaganda ndani, na mnyama akafa kwa tumbo. Mwulize daktari dawa ya kupe inayofaa punda, na kwa punda watano kupe wanaweza hata kuondolewa kwa mkono masikioni na chini ya mkia. Hadhari hiyo hiyo iwe kwenye banda lako la kuku. Vyakula vingine vya kuku huchanganywa dawa za monensini au salinomisini za kuzuia koksidia, vimelea vya utumbo wa kuku, na kiasi ambacho kuku hakisikii huharibu misuli ya moyo wa punda. Gunia la chakula cha kuku likae nyuma ya mlango wenye komeo, maana punda hujifunza kufungua vitasa vya kawaida. Na mtu akikuletea dawa ya ndorobo ya ng'ombe, yenye diminazini, usikubali achome bila daktari. Kipimo cha ng'ombe kwa punda ni hatari.

Mtu wa pikipiki asirudi tena kwako. Anayetafuta punda wazee, asiyeuliza meno wala kwato, na anayelipa zaidi ya thamani ya kazi yao, hanunui kazi. Ngozi za punda huchemshwa kutengeneza gelatini inayotumika katika dawa na vipodozi nchini China, na kwa sababu ya biashara hiyo kulikuwa na machinjio ya punda hapa jirani Shinyanga na mengine Dodoma, na wizi wa punda ukasambaa vijijini. Serikali yetu ilisitisha uchinjaji huo, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, wakikutana Addis Ababa, waliazimia kuusimamisha kwa bara zima kwa miaka 15. Uchinjaji wa kificho porini haujaisha kwa azimio. Mwambie mtendaji juu ya mtu huyo, namba ya pikipiki ukiipata, na usiku punda walale ndani ya zizi lenye kufuli.

Imebaki habari ya farasi, na nitakuwa mfupi. Mwambie mwanao asimlete. Kuna ugonjwa wa virusi wa farasi wa Afrika ambao punda huupata na kwa kawaida hauwasumbui, hata wengi wao hawaonyeshi dalili, lakini ukiingia kwa farasi wasiochanjwa unaweza kuua hadi tisa katika kumi. Unaenezwa na visubi, vijidudu vidogo vinavyouma usiku na kuzaliana kwenye matope na samadi mbichi. Si wale wadudu wa ziwani wanaoinuka kwa makundi juu ya maji na kujaa kwenye taa, ambao hawaumi mtu wala mnyama. Ukingo wa ziwa wenye joto, matope na samadi ya punda watano ambao wanaweza kuwa na virusi hivyo bila wewe kujua, ni mahali pabaya kuliko yote kwa farasi mzee aliyezoea baridi ya Arusha, penye madaktari waliozoea kutibu farasi. Atafutiwe makao huko huko, karibu na chanjo na karibu na farasi wenzake. Fedha ambazo mwanao angelipa lori la kumleta azitume kwako kabla ya mavuno ya mpunga, uagize majani.